Jeshi Halipimwi kwa Wingi wa Vifaru

Kila uhasama unapopamba moto kati ya nchi mbili za bara letu, haipiti siku kabla orodha hazijaanza kusambaa: nchi hii ina askari kadhaa, ile ina vifaru kadhaa, hii inaongoza kwa ndege za kivita, ile kwa mizinga. Watangazaji huzisoma, vijiwe huzijadili, na msomaji huachiwa hitimisho kwamba mwenye namba kubwa ndiye mwenye jeshi imara. Mtazamo huu umetawala hata mahali palipotakiwa kuwa na uangalifu zaidi, kama bungeni wakati wa bajeti ya ulinzi, ambako mjadala huelemea zana zilizonunuliwa na zilizochakaa. Naupinga moja kwa moja. Watu na zana ni mali ghafi ya jeshi. Jeshi lenyewe ni mpangilio: nani yuko chini ya nani, nani ana mamlaka ya kuamua nini, nani anawajibika kumfikishia nani risasi na mafuta, na nani anashika uongozi kamanda akianguka. Pasipo mpangilio huo, watu laki moja wenye bunduki ni umati, na historia ya vita, ya mbali na ya hapa kwetu, imeuonyesha umati wa namna hiyo ukiwakimbia wachache waliopangika.

Tuanze na ngazi zenyewe, maana wengi wanaotaja brigedi na divisheni huzichukulia kama majina ya ukubwa tu. Katika majeshi yaliyorithi mfumo wa Uingereza, yakiwemo ya Afrika Mashariki, askari wa miguu huanzia kwenye seksheni ya watu wanane hadi kumi chini ya koplo. Seksheni tatu hufanya platuni, inayoongozwa na luteni akisaidiwa na sajini. Platuni tatu hufanya kombania chini ya meja, na kombania tatu au nne, pamoja na ile ya makao makuu na ile ya silaha za msaada, hufanya batalioni ya watu 600 hadi 800 hivi chini ya luteni kanali. Batalioni kadhaa zikiunganishwa na mizinga, wahandisi wa medani, mawasiliano, ugavi na tiba huwa brigedi; brigedi kadhaa huwa divisheni. Ukiitazama ngazi hiyo kwa haraka utaona watu wakizidishwa kwa tatu. Ukiitazama vizuri utaona kwamba hakuna mahali ambapo mtu mmoja anatakiwa kuwaongoza ana kwa ana zaidi ya watu tisa hivi. Kamanda wa batalioni ana askari 700, lakini wanaopokea amri kutoka kinywani mwake ni makamanda wa kombania watano au sita. Hilo ndilo jibu ambalo majeshi yamelipata, baada ya damu nyingi kumwagika, kwa swali la namna mtu mmoja aliyekosa usingizi na kuzibwa masikio na milipuko anavyoweza kuwaongoza mamia ya watu asiowaona.

Kuanzia batalioni kwenda juu huongezeka kitu ambacho hakuna orodha inayoweza kukihesabu, nacho ni unadhimu. Kamanda wa brigedi hafikirii peke yake. Ana wanadhimu waliogawana kazi: mmoja anajua waliokufa, waliojeruhiwa na nafasi zilizo wazi, mwingine anakusanya habari za adui, wa tatu anaandaa operesheni na kuandika amri, wa nne anahesabu lita za dizeli na masanduku ya risasi. Chukua jambo moja dogo. Vifaru kumi na viwili vinatakiwa kusogea kilomita 60 usiku. Kabla cha kwanza hakijawashwa, lazima mtu awe ameulizia daraja lililo njiani linabeba tani ngapi, mwingine awe ametanguliza matangi ya mafuta mahali pa kusimama, mwingine awe ameuzuia msafara wa ugavi unaokuja kwa barabara hiyohiyo, na wote wawe wamekubaliana saa na masafa ya redio. Akikosekana mmoja wao, vifaru vyote vinabaki kwenye foleni mpaka mapambazuko na ndege za adui zinavikuta hapo. Kwenye orodha vitaendelea kuhesabiwa kumi na viwili. Ndiyo maana jeshi makini hutumia miaka mingi kuwafundisha watu kazi hii, na ndiyo maana Tanzania ina Chuo cha Ukamanda na Unadhimu kule Duluti, Arusha, ambacho mwananchi hukisikia mara chache mno kuliko anavyosikia habari za ndege mpya.

Ushahidi wa zamani wenye nguvu kuliko mwingine ninaoujua ni wa tarehe 14 Oktoba 1806, mahali paitwapo Auerstedt, Ujerumani. Napoleon alikuwa ameligawa jeshi lake katika majeshi madogo yaliyokamilika, kila moja likiwa na askari wa miguu, wapanda farasi, mizinga na wanadhimu wake, kiasi kwamba liliweza kupigana peke yake siku nzima likingoja mengine. Moja la majeshi hayo, la Marshali Davout, lenye watu 27,000 hivi, lilikutana na jeshi kuu la Prussia lenye zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, jeshi lililosifika Ulaya nzima kwa nidhamu ya gwaride. Mapema katika mapigano kamanda wa Prussia, Mtawala wa Brunswick, alijeruhiwa vibaya, na hakuna aliyeshika uongozi ipasavyo baada yake. Davout alishinda. Prussia hawakujibu kwa kununua mizinga zaidi. Walianza kujenga unadhimu mkuu ambao baadaye uliigwa karibu dunia nzima.

Mwaka 1940 somo hilo lilirudi likiwageukia Wafaransa wenyewe. Ufaransa ilikuwa na vifaru vingi kuliko Ujerumani, na baadhi yake, kama Char B1, vilikuwa na deraya nene kuliko chochote alichokuwa nacho adui. Orodha ya mwezi Aprili mwaka ule ingempa Mfaransa ushindi. Lakini sehemu kubwa ya vifaru vyake ilitawanywa katika batalioni za kusindikiza askari wa miguu, vingi havikuwa na redio, na mkuu wa majeshi, Jenerali Gamelin, alikaa kwenye ngome ya Vincennes ambayo nayo haikuwa na redio, akitegemea simu na wajumbe wa pikipiki. Wajerumani walikusanya vifaru vyao katika divisheni kumi, wakaweka redio ndani yake, wakaunganisha askari wa miguu, mizinga na wahandisi chini ya kamanda mmoja aliyetembea nao mbele. Walivuka mto Meuse pale Sedan tarehe 13 Mei, na kabla ya mwisho wa Juni Ufaransa ilikuwa imesalimu amri. Zana zilikuwepo kwa wingi. Kilichokosekana ni mpangilio wa kuzifikisha mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Sasa tuje Kagera, maana huko ndiko hoja ya wingi na hoja ya mpangilio zilikopimana mbele ya macho yetu. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yalikuwa na vifaru, magari ya deraya na ndege za MiG-21. Baadaye yakaongezewa askari wa Libya. Tanzania ililazimika kulipanua jeshi lake ndani ya miezi michache, kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 100,000, kwa kuwaingiza mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Wanaosimulia vita hivyo kama ushindi wa wingi husahau kwamba wingi ule ungeweza kuwa janga. Uliokolewa na kugawanywa katika brigedi, brigedi zikawekwa chini ya divisheni ya 20 iliyokuja kuongozwa na David Musuguri, na wahandisi wa medani wakatandaza daraja la muda baada ya lile la Kyaka kubomolewa. Mtihani wenyewe ulikuja Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala inayopita katikati ya kinamasi. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, brigedi ya 201, iliyojaa mgambo ambao wengi wao hawakuwahi kuonja vita, ilipigwa na maroketi ya Walibya, ikavunjika na kukimbia. Kwa hesabu ya orodha, mambo yalikuwa yameisha. Lakini divisheni ilikuwa na brigedi ya 208, ya Brigedia Mwita Marwa, umbali wa kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi. Musuguri aliiamuru igeuke na kukata barabara nyuma ya adui. Ilitembea usiku kucha, na alfajiri ya tarehe 11 Walibya na Waganda walijikuta wakipigwa kutoka ubavuni na nyuma, huku brigedi ya 201 ikijikusanya upya mbele yao. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Hapa napokea pingamizi la kwanza, ambalo nalisikia kila hoja hii inapoanza: ushindi ule ulitokana na moyo. Watanzania walipigania ardhi yao, askari wa Amin walipigania mishahara. Sitamdharau anayesema hivyo, kwa sababu moyo upo na unafanya kazi. Lakini Lukaya yenyewe inamjibu. Brigedi ya 201 na brigedi ya 208 zilikuwa na nchi moja, sababu moja ya kupigana na wimbo mmoja wa taifa, na usiku uleule moja ilikimbia na nyingine ikasonga mbele. Kilichoamua ni kwamba kulikuwa na ngazi ya juu iliyoweza kuona kuwa upande mmoja umevunjika, ikawa na kikosi kingine cha kutuma na njia ya kukifikishia amri. Upande wa pili haukuwa na ngazi hiyo. Amin aliwaua maofisa wa Kiacholi na Kilangi kwa wingi mara baada ya kutwaa madaraka mwaka 1971, akawapandisha vyeo watu kwa kuaminika kwao kwake, na akaacha vikosi kadhaa viwasiliane naye moja kwa moja bila kupitia makao makuu. Kamanda wa Waganda pale Lukaya, Luteni Kanali Godwin Sule, aliuawa katika mapigano yale, na uongozi wa upande wake ukasambaratika. Moyo wa askari hulindwa na uhakika kwamba chakula kitafika, majeruhi watachukuliwa, na kikosi cha jirani hakitaondoka bila kumwambia. Uhakika huo haupo mahali pasipo na mpangilio.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa vita vya msituni. Husema waasi wasio na divisheni wala wanadhimu wamewashinda wakubwa wenye kila kitu, kwa hiyo muundo ni mzigo tulioachiwa na wakoloni. Watazame walioshinda kweli. Wavietnamu walioizingira Dien Bien Phu mwaka 1954 hawakuwa makundi ya wanakijiji wenye mapanga. Zilikuwa divisheni za 304, 308, 312 na 316, pamoja na divisheni ya 351 iliyokusanya mizinga na wahandisi, zikilishwa na maelfu ya wachukuzi waliopangiwa njia na zamu. Nchini Uganda, vita vya waasi wa NRA vilianza Februari 1981 kwa kikundi kidogo kilichoivamia kambi ya Kabamba, lakini kilichoingia Kampala Januari 1986 lilikuwa jeshi lenye batalioni zenye namba, kamandi kuu na sheria za nidhamu zilizoandikwa. Waasi wanaobaki vikundi visivyo na ngazi huweza kuiumiza serikali miaka ishirini, hawaiondoi. Wanaoiondoa huwa wamejenga jeshi kamili porini, na huo ndio ushahidi wangu, haunipingi hata kidogo.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi. Linasema ngazi nyingi huzaa urasimu na utiifu wa kibubusa, askari wa chini akingoja ruhusa ya mkubwa wakati adui yuko mlangoni. Ni kweli kwamba muundo mbovu hufanya hivyo. Urusi ilipoingia Ukraine Februari 2022, ilitumia vikundi vya batalioni vilivyojaa deraya na mizinga lakini vyenye askari wachache wa miguu na unadhimu mwembamba, bila masajini waliozoea kuamua wenyewe, na katika majuma ya mwanzo bila kamanda mmoja anayejulikana wa vita vyote. Majenerali walilazimika kwenda mstari wa mbele kusukuma misafara iliyokwama, wakauawa huko. Lakini tatizo hilo halikuletwa na wingi wa ngazi. Lililetwa na ngazi zilizokuwepo kwa jina huku uamuzi wote ukiwa umevutwa juu. Ngazi imewekwa ili kugawa uamuzi: koplo aamue seksheni yake ijifiche wapi, meja aamue kombania yake ipite njia gani, na mkubwa awaambie lengo na mipaka, basi. Jeshi ambalo koplo wake hana mamlaka halina seksheni. Lina watu tisa wanaongoja simu.

Hata tajiri kuliko wote hakusalimika na mpangilio mbovu. Aprili 1980 Marekani ilituma kikosi kuwaokoa mateka wake waliokuwa Tehran. Helikopta zilikuwa za jeshi la majini, marubani wengi wao wakiwa wa kikosi cha marine, ndege za mizigo za jeshi la anga, na makomando wa nchi kavu, wote chini ya mpango uliounganishwa kwa ajili ya kazi ile tu. Operesheni ilifutwa jangwani, helikopta ikaigonga ndege ya mizigo, na watu wanane wakafa bila adui kufyatua risasi. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyonyoosha mstari wa amri, kutoka kwa rais na waziri wa ulinzi hadi kwa kamanda mmoja wa eneo, mwenye mamlaka juu ya majeshi yote yaliyo chini yake.

Pingamizi la nne ni mashaka ambayo watawala huwa hawayasemi hadharani: jeshi lililopangika vizuri linaweza kupindua serikali. Tanganyika iliyaonja mashaka hayo tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi Dar es Salaam wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, na uasi ukazimwa siku tano baadaye na wanamaji wa Uingereza. Serikali ililivunja jeshi lile na kuanzisha jipya, JWTZ, tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa sababu uligusa chanzo: jeshi lenye batalioni mbili ambalo uongozi wake wa juu haukuwa wa watu wake. Wengine barani walichagua njia tofauti. Mobutu alijenga divisheni yake ya rais, akailipa na kuivisha, akaliacha jeshi lingine lijitafutie. Mwaka 1997 jeshi hilo liliachia mji baada ya mji. Sudan ilikiacha kikosi cha RSF kikue nje ya ngazi ya jeshi, kikiwa na bajeti na kamanda wake. Mazungumzo ya kukiunganisha yalipofika kwenye maswali ya nani atamtii nani na kwa muda gani, jeshi likitaka miaka miwili na RSF ikitaka kumi, vita vikalipuka tarehe 15 Aprili 2023. Mamilioni ya watu wamekimbia makwao kwa sababu ya mgogoro ulioanzia kwenye mchoro wa kamandi.

Na kwa majirani zetu wa Kongo, gharama ni ya kila siku. Kwa miaka mingi mishahara ilipitia mikononi mwa makamanda, nao walikuwa na kila sababu ya kuandika majina ya askari wasiokuwepo. Umoja wa Ulaya ulipoanza kusaidia mageuzi mwaka 2005, jambo la awali lilikuwa kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri. Iraq iliona ugonjwa huohuo: Mosul ilianguka Juni 2014, na mwishoni mwa mwaka huo waziri mkuu alitangaza kwamba askari hewa 50,000 wamegunduliwa katika divisheni nne. Tukirudi Kongo, Goma ilipotekwa na waasi wa M23 Novemba 2012, jeshi la Kongo lilikuwa kubwa kuliko waasi mara nyingi. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa uliunda brigedi ya kuingilia kati yenye askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiwa na batalioni tatu za miguu, mizinga na kombania ya upelelezi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kinshasa nayo iliwaondoa maofisa wengi wa juu mashariki na kuweka uongozi mpya. Kufikia Novemba 2013 M23 walikuwa wamesalimu amri. Januari 2025 Goma ikaanguka tena, safari hii mbele ya M23 ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kuwa wanasaidiwa na Rwanda. Msaada huo ulikuwa na uzito wake. Lakini upande wa serikali walikuwepo askari wa jeshi la taifa, wanamgambo wa Wazalendo, wanajeshi wa SADC, walinda amani na wakufunzi wa kukodiwa kutoka Ulaya, kila kundi na mkubwa wake. Wote hao pamoja hawakuwa jeshi moja.

Kwa hiyo nawaomba wahariri waache kuchapisha zile orodha kama vile zinatabiri jambo lolote. Na wabunge wetu, bajeti ya ulinzi itakapowasilishwa tena, wasikomee kwenye idadi ya ndege. Wahoji nafasi ngapi za masajini na koplo ziko wazi, mshahara wa askari unamfikia kwa njia ipi, ni mara ngapi brigedi nzima imefanya mazoezi pamoja na mizinga na ugavi wake, na kama kuna kikosi chochote kinachopokea amri nje ya Mkuu wa Majeshi. Kama baadhi ya majibu ni siri, yatolewe kwenye kikao cha faragha cha kamati ya ulinzi, lakini yatolewe.